Kishikwambi Kisicho na Sauti

Lupaso, 2 Septemba 2024

Mpwa wangu Mwalimu Winfrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako niliyoletewa na Faridi wa bodaboda nimeipokea, marahaba sana. Huku sote wazima, ila mgongo unanivuta, kwani jana nimepulizia dawa mikorosho mia mbili kabla ya chai. Majirani wameshika midomo. Newala mnapata maji?

Kishikwambi ulichomletea mdogo wako kimefika. Mimi vyombo hivi havinisumbui. Niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu mwenyewe alikiri kilichobaki nimeshakijua. Lakini wamekupa kibovu! Veridiana hasikii tangu kuzaliwa, basi nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikaazima spika ya Yunusi, ile ya harusi, nikaunganisha. Kimya! Watu wamejaa uani, na kwenye kioo mama mmoja anarusha mikono tu kama anafukuza nyuki. Nimeaibika.

Na lile ombi lako la kumpeleka shule huko kwenu, jibu ni hapana. Tangu mama yenu atutoke, mwenye neno juu yenu ni mjomba, na mjomba amesema. Mtoto asiyesikia atafundishwa nini? Anakula, anacheka, inatosha.

Mjomba wako,
Nikolao

Newala, 9 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Natumai mgongo umepoa. Sisi hatujambo, maji bado ni shida ileile.

Mjomba wee, nimecheka mpaka walimu wenzangu wakaja kuchungulia. Hakina sauti makusudi! Yule mama anasimulia hadithi kwa lugha ya alama, na chini yake kuna picha na maandishi. Darasani kwangu wanaosikia na wasiosikia wanatazama hadithi moja, kisha wanabishana kwa mikono mpaka wenye masikio nao hawasikii kengele. Mimi mwenyewe alama nimeanza kujifunza mwaka huu.

Rudisha spika ya watu. Mwachie Veridiana, nawe ukae naye. Akigusa picha anaonyeshwa alama yake.

Ana miaka tisa, mjomba. Shule inafunguliwa Januari, na bila neno lako siwezi kumchukua. Nakuomba ufikirie tena.

Mpwa wako,
Winfrida

Lupaso, 21 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Salamu zako zilifika, nisamehe kukaa kimya wiki sita. Mgongo umepona. 

Nilikaa naye ili nikuonyeshe kwamba haiwezekani. Wiki ya kwanza akajua maji, kuku, moto. Nikatangaza kijijini kuwa nimemfundisha mimi. Wiki ya tatu watoto wa jirani Ambrosi wanaongea naye kwa mikono, wananisengenya mbele ya macho yangu, nami nacheka tu.

Jana baada ya misa nilikuwa nabangua korosho. Akaja, akanigusa bega. Akaonyesha: mama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaonyesha tena: mama, wapi?

Winfrida! Miaka minne! Hajui! Siku ya mazishi tulimpeleka kwa mke wa Ambrosi asisumbuke, na baada ya hapo nani angemwambia, kwa mdomo gani? Yeye alimwona mama yenu akipandishwa gari la hospitali, basi. Ndiyo maana kila gari likisimama barabarani hukimbia kuchungulia ndani. Sisi tukasema anapenda magari. Na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Mimi huyu, ambaye tembo alinisikia nikikohoa akavuka Ruvuma kurudi Msumbiji, nikakimbilia kishikwambi. Nikapekua: ndizi, shule, rafiki. Neno lile sikulipata. Nikalala chali palepale uani, nikafumba macho, nikabana pumzi. Akacheka. Akadhani namwambia mama amelala. Akanivuta mkono niamke.

Nikaamka, mpwa wangu. Ningefanyaje?

Neno langu nalibadili. Januari mchukue, aende shule. Lakini hili lisingoje Januari. Njoo Jumamosi hii umwambie wewe, kwa mikono, nami nikae mbele yenu. Nataka nione neno hilo linavyosemwa.

Mjomba wenu,
Nikolao