Nasma na Ukungu wa Jalan

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi. Sisi wazima, mama yako kenda Ibra harusini, na tende za mwaka huu tamu kweli.

Umeniuliza, tangu ile ajali, woga wa kuendesha gari utakutoka lini. Nikamkumbuka Nasma.

Nilikuwa biharusi mpya hapa Jalan Bani Bu Hassan, na babu yako akifundisha farasi wa mashindano. Joto lilipopungua, akaanza kuwazoeza mbio kwa msimu mpya. Wote walikimbia ila Nasma, aliyeanguka msimu uliopita. Akifika uwanjani husimama tu, na mwenye farasi keshasema atamuuza.

Alfajiri moja ukungu mzito ulitanda kutoka baharini, mchanga na mbingu vikawa kitu kimoja cheupe. Babu yako kampanda Nasma, mimi nimeshika kamba, tunakwenda kama ndotoni. Mara Nasma akainua masikio.

"Mwachie, habibti," babu yako akaninong'oneza.

Nikaachia. Wakapotea. Nikabaki kusikiliza kwato zikififia, nikisoma kila dua niijuayo, mpaka kwato zikarudi.

"Kakimbia!" nikasema. "Woga umemtoka!"

"Haujamtoka," akajibu, machozi yakimlenga. "Njoo umguse."

Nikaweka kiganja kifuani pake. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na huku anavuta hatamu, anataka kwenda tena.

Hakuuzwa. Nami hata leo ukungu ukishuka, kiganja changu hukisikia kifua kile.

Akuombeaye kila sala,
Bibi yako Zuwena