Baba Amekula Mtungi wa Nairuzi

Malayer,
Tarehe 9 Farvardin.

Mpendwa mdogo wangu Kiumars,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na baridi ya huko Uswidi imewapungukia kidogo? Mkeo Mahin hajambo? Sisi tu wazima, ila goti langu hunikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Mwaka mpya wa Nairuzi umeingia na mvua, na mlozi wa uani umechanua.

Mwaka huu niliotesha mbegu za mboga ya shahi kwenye mtungi, kama alivyokuwa akifanya marehemu Mama. Nilizilowesha mpaka zikatoa ule utelezi wake, nikauvisha mtungi soksi ndefu, nikazipaka pande zote, kisha nikaujaza maji ili udongo wa mtungi uzinyweshe pole pole. Unakumbuka ulivyojipaka mbegu kidevuni, ukasema zikiota utamshinda Baba kwa ndevu? Mama alikukimbiza na ufagio huku akicheka. Nami nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia. Nimekukumbuka sana, Kiumars.

Ziliota ajabu. Mtungi mzima ukawa kijani, nikauweka kwenye meza ya Nairuzi, nikaringa.

Sasa sikia kituko. Siku ya nne Shangazi Effat alikuja kutupa mkono wa sikukuu. Kuingia sebuleni, tukamkuta Baba ana mkasi, mkate na jibini. Ameshanyoa nusu ya mtungi, anatafuna. Shangazi akapiga yowe.

"Kaka wee! Umekula baraka ya nyumba!"

"Kwani shahi si mboga? Mlitaka niitazame tu?" Baba akajibu, macho yakimtoka machozi kwa ule ukali wa shahi.

Na ni yeye aliyetufundisha kwamba mtungi wa Nairuzi hauguswi, mpaka siku ya kumi na tatu majani yatupwe mtoni! Nilikasirika, nikataka kuuondoa. Akanishika mkono.

"We Turan, acha! Huo upande ni wa Kiumars. Kaenda kununua mkate, anarudi sasa hivi."

Miaka kumi na moja tangu uondoke, ndugu yangu.

Tangu majira ya baridi akili yake inakuja na kuondoka. Kwenye simu nilikuficha, unisamehe. Kila asubuhi anaujaza mtungi maji, kisha ananiuliza mbona umechelewa hivyo huko dukani.

Barua hii itakufikia baada ya siku ya kumi na tatu, na upande wako utakuwa umekwenda na maji. Si neno, mbegu zimebaki, nitaotesha tena hata iwe katikati ya kiangazi. Wewe njoo tu. Juzi aliniuliza Mama alikuwa anaitwa nani. Jina lako bado hajaliuliza.

Shangazi Effat anakusalimu, amekwisha poa. Nibusie Mahin. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Turan