Nilimwandika Masika

Beni, Alhamisi asubuhi. Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka. Nimekaa kwenye baraza ya mama mdogo wangu hapa Mulekera, chai imeshapoa, na moyo si mzuri.

Niseme moja kwa moja, kwa sababu nikizunguka nitaanza kujitetea, na kutetea ndiyo kazi inayonilisha. Nimeharibu jina la mtoto.

Wanaonisoma hapa wananijua. Mimi ni wakili, naishi Butembo, Mususa, na kwa miaka michache sasa natetea watoto wanaokataliwa shuleni: waliokimbia vita, mayatima, wale wasio na mtu wa kuwasemea. Katiba yetu inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Nimelisoma fungu hilo mbele ya watu mpaka mama mdogo anasema nalitamka usingizini. Mais katiba haisimami mlangoni mwa shule. Mlangoni anasimama mtu mwenye daftari, na yule mtu anataka karatasi.

Mtoto mwenyewe anaitwa Espérance. Ana miaka kumi na tatu, yuko mwaka wa sita. Alipoteza miaka miwili ya masomo walipokimbia kijiji chao, upande wa kaskazini ya Beni. Sasa anaishi Mulekera na mdogo wake wa kike na nyanya yao, ambaye sote tunamwita Koko. Ni mtoto wa maneno machache. Mpe hesabu ya mafungu, nusu na robo, utamwona anatabasamu peke yake.

Mwezi uliopita directeur, mwalimu mkuu wa shule yake, alimwambia kwamba bila cheti cha kuzaliwa hataingia kwenye liste ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Si mtu mbaya, naye ameagizwa. Cheti Espérance hakuwahi kuwa nacho. Ofisi ya kuandikisha ilikuwa mbali na kwao, na yeye alizaliwa wakati wa mavuno, nani angeacha shamba? Kwa watoto wa namna hiyo sheria inaruhusu kwenda mahakama ya watoto, hakimu atoe hukumu inayoshika nafasi ya cheti. Nikafungua dosiye, jalada la kesi.

Hapo ndipo nilipokosea.

Ombi lilitaka majina kamili. Nilikuwa Butembo, nikampigia Koko simu.

"Koko, niandike mutoto majina gani?"

"Andika Espérance. Njo tunamuitaka."

"Na kwako kuko batoto ngapi?"

"Babili. Bote babinti."

Nikamshukuru, nikakata simu.

Asiye Munande, asiye wa kabila letu, anivumilie kidogo. Kwetu jina la nyumbani mtoto hachaguliwi, anazaliwa nalo kwa zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. Msichana akitangulia wote ni Masika. Lakini msichana akizaliwa nyuma ya wavulana, huyo ni Kahindo, kwa sababu uzao umegeuka. Mtaje mtoto jina, na Munande yeyote sokoni atajua kama kuna waliomtangulia. Hesabu hiyo nimekua nayo mdomoni. Donc basi, mabinti wawili, Espérance ndiye mkubwa, jibu ni Masika. Nikaandika kwa bic nyeusi, nikachukua dosiye iliyofuata.

Mwenzangu wa Bukavu, asiye Munande, angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilijua.

Mbele ya hakimu nilitafsiri mwenyewe. Yeye alisoma kwa Kifaransa, mimi nikamwambia Koko kwa Kinande kwamba mahakama imemtambua mjukuu wake. Koko akainamisha kichwa, akasema wasingya, asante. Jina sikulitaja, nakumbuka vizuri sasa. Muhuri ulipogongwa nikapiga picha, nikaiweka kwenye status ya WhatsApp. Watu wakaandika "Maître wetu!", ndivyo wanavyotuita mawakili. Nikavimba kichwa siku nzima.

Jana niliileta hukumu mwenyewe. Koko alikuwa jikoni anapika sombe, majani ya muhogo. Nikampa Espérance asome, kwa kuwa karatasi ni yake. Alisoma kwa kufuata maneno na kidole. Alipofika kwenye jina alisimama, akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena. Kisha akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, akatoka.

Hakurudi kula.

Nilidhani ni haya, au furaha. Koko ndiye aliyenieleza, macho yake kwenye chungu. Mbele ya Espérance walikuwepo wavulana wawili, Mumbere na Kambale. Asubuhi moja walienda kuvuna kakao pamoja na baba yao, wote watatu hawakurudi. Mama yao aliugua walipokuwa njiani kukimbia, naye akafariki. Niliuliza kwake kuna watoto wangapi, naye akanijibu waliopo.

Yesu na Maria.

Ningependa kuandika kwamba niliomba msamaha palepale. Sikuomba. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu siku. Liste inaondoka Ijumaa, yaani kesho, na kurekebisha hukumu kunachukua majuma. Asipoingia kwenye liste mwaka huu, atarudia mwaka wa sita na miaka kumi na minne, na wasichana wa umri huo najua wanavyoacha masomo. Wanaanza kubaki nyumbani siku moja moja, mpaka hakuna anayewauliza tena.

Basi nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Nikaanza kumshawishi. Nikamwambia jina la karatasi ni la karatasi tu, afanye mtihani kwanza, jina tutalitengeneza nyuma. Nilitumia sauti ileile ninayotumia kwa mahakimu. Naona aibu nikiikumbuka.

Koko naye akaniunga mkono kutoka mlangoni. "Acha tu, mutoto yangu. Ku nyumba tutaendelea kukuita jina yako."

Espérance hakuinua kichwa. Aliokota jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa.

"Maître, Masika hana bayaya," akasema, yaani ndugu wakubwa. "Kama mimi njo Masika, Mumbere na Kambale habakuzaliwa."

Nilisoma sheria miaka mitano. Nikachuchumaa kando yake, nikachambua maharagwe naye.

Baadaye nikamwuliza, polepole, "Na masomo je?"

"Masomo ninaitaka. Ninaitaka sana. Mais na ile jina, hapana."

Akalia, na mimi nikalia. Nikamwomba msamaha hapo, kwa Kinande, maana kwa Kifaransa haukutoka. Koko akatutazama, akasema sisi wote wawili ni wajinga, bugali inapoa.

Jioni nilimweleza mama mdogo. Yeye hana huruma ya bure. "Banande ya Butembo!" akasema. "Kuhesabu bidhaa munajua. Batoto ndiyo inawashinda." Akacheka peke yake, akaendelea kukunja nguo. Halafu akauliza kitu kilichoninyima usingizi. "Huyo directeur hamuonake mutoto kila siku ku kalasi? Sasa anaomba karatasi ya nini?"

Nikaanza kumweleza taratibu. Nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Kwa nini? Kweli, kwa nini? Miaka yote hii nimekuwa mkimbiaji wa karatasi. Shule inaomba cheti, mimi natafuta cheti. Nikikipata napiga picha. Sijawahi kuandika barua ya kuuliza ni sheria gani inayoruhusu kufuta kwenye liste mtoto anayekaa darasani kila siku, mwalimu anamjua, alama zake zimo kwenye daftari. Sikuiandika kwa sababu karatasi zina mwisho mzuri na barua kama hiyo inaleta maadui. Ndiyo hiyo sababu, hakuna nyingine. Niliogopa kuwaudhi wakubwa ambao kesho nitawaomba kitu kingine. Na watoto ambao sikuwafikia, wasio na wakili wala mtu wa kuwaandikia ombi, wamebaki nje ya mlango uleule niliokuwa nauheshimu.

Leo saa kumi na mbili na nusu nilimpigia directeur. Alikuwa bado anapiga mswaki, nadhani.

"Maître, unaniletea matatizo mapema hivi?"

Nikamweleza yote. Akasema yeye hawezi kuandika jina ambalo halimo kwenye hukumu, na hawezi kumlazimisha mtoto jina analolikataa. "Uniletee barua yenye ninaweza kuonyesha bakubwa yangu. Yenye nguvu. Nitakuachia mustari moja ku liste mpaka kesho saa sita. Kisha hapo, mimi sitaweza tena." Mtu mzuri, mwoga kama mimi.

Kwa hiyo leo ni karatasi mbili. Ya kwanza ni barua kwake, na nakala kwa walio juu yake, kudai Espérance aandikwe kama Kahindo wakati mahakama inarekebisha hukumu, na kuuliza lile swali la mama mdogo kwa lugha ya sheria. Hiyo nimeimaliza. Ina kurasa mbili na haina unyenyekevu mwingi. Pengine itafanya kazi. Pengine kesho saa sita ule mstari utabaki mweupe, na mtoto atakuwa amepoteza mwaka wa tatu kwa sababu mimi sikuuliza swali moja kwenye simu. Hilo nitaishi nalo, na halitakuwa jepesi.

Ya pili ni ombi la kurekebisha jina. Ndiyo iliyonichelewesha. Kwanza niliandika "erreur matérielle", kosa la uandishi tu, lile neno tunalojifunika nalo sisi mawakili kosa likiwa halina mwenyewe. Nikalifuta. Nikaandika kwamba kosa ni la wakili. Halafu ikabidi nieleze kwa nini huyu mtoto ni Kahindo, na hakuna njia ya kueleza hilo bila kuwaandika kaka zake.

Nikampigia Koko tena. Safari hii niliuliza.

Akanipa majina yote, moja moja, na umri wa kila mmoja siku ile ya kakao. Mumbere Josué, miaka kumi na tisa. Kambale Dieumerci, kumi na sita. Nikamwuliza kama wao waliwahi kuandikwa mahali popote, kuzaliwa au kufa. Akasema hapana, ni kwenye kitabu cha ubatizo tu, na kanisa la kule liliungua.

Nikaandika polepole. Nikamsomea, akasahihisha herufi moja kwenye Dieumerci.

"Juji atasoma majina yabo na sauti?" akaniuliza. "Mbele ya batu?"

Sijui, Koko. Kwa kawaida hawasomi sababu, wanasoma uamuzi tu. Nilimwambia nitamwomba asome, na asiposoma yeye, nitasimama nisome mimi.