Matone ya Sikio la Baba

Samuye, Jumapili

Baba Noela,

Simu yako haipatikani, basi barua hii nampa Edson anayepeleka mchele huko Segese. Dengu zimeota vizuri. Noela uliyemwacha tumboni sasa anatambaa.

Sikio la baba yako limevimba tangu alipolitia samli ya moto. Zahanati wamempa dawa ya matone, asubuhi na jioni kwa siku saba, na kila mara alale ubavu dakika tano. Mikono yake inatetemeka, na mtu mzima mwingine hapa nyumbani ni mimi tu. Najua mke wa mtoto hamgusi mkwewe. Niliishika chupa kiganjani mpaka ikapata joto, nikageuza uso, nikalivuta sikio lake taratibu.

Akafumba macho. Jua la jioni likamlalia shavuni, kengele za ng'ombe zikasikika kwa mbali. Akakuita kama anayeota, “Mihayo, mwanangu, umerudi?”

Nikamwinamia, nikajibu, “Nimerudi, baba.” Akatabasamu, akasinzia.

Tangu hapo kila jioni ananiuliza hivyo hivyo, nami najibu. Dawa imebaki ya siku tatu. Njoo umjibu mwenyewe.

Mkeo,
Scolastika