Pacha Haliliwi

Apio, mtangulizi wangu,

Haraka yako ilikuwa ya nini? Ulinitangulia kutoka tumboni, wakakupa jina la wa kwanza, mimi nikaitwa Adongo, aliyebaki nyuma. Sawa, hilo tulilizoea, na ulinitambia nalo mpaka nikachoka. Lakini hili la pili hatukuelewana. Hakuna siku tuliyokaa tukakubaliana kwamba utatangulia tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kile chetu tulichookota Busia kwenye kibanda cha mitumba cha shangazi. Nyanya haelewi hata neno moja. Akinikuta hapa nimeinama atadhani ni kazi ya chuo, ataniletea chai na kuniambia nisiharibu macho. Halafu kwa lugha ya nyumbani kuna neno ambalo kalamu inakataa kuliandika. Wewe unajua. Kwetu pacha hafi, anaruka. Ndivyo alivyotangaza Nyanya siku ile malaria ilipokupanda kichwani na daktari akatoka nje akivua glavu. Apio ameruka. Mama alikuwa ameshika viatu vyako mkononi. Wakaja na ngoma, wakaimba zile nyimbo za matusi walizotuimbia tulipozaliwa, wakakuzika huku wanacheza, na yeyote aliyeonekana macho yamelowa alifukuzwa aende nyuma ya nyumba. Pacha haliliwi. Ukimlilia, atarudi kumchukua mwenzake.

Umekufa, Apio. Haya, nimeliandika.

Na huyo mwenzake ni mimi. Hapo ndipo penye shida, na sina wa kumweleza ila wewe. Mama hakulia. Tangu siku ile hospitalini hakutoa chozi, na si kwa sababu ana moyo mgumu, Mama yupi mwenye moyo mgumu, yule anayemlilia hata kuku? Hakulia kwa sababu mimi bado napumua. Anaogopa akilia tu, unakuja kunibeba. Kwa hiyo amemeza. Asubuhi anakohoakohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, halafu anachukua sufuria iliyooshwa jana na kuisugua tena kwa majivu. Anasema kifua kinabana. Tulimpeleka zahanati, wakampima presha, wakampa panadol, wakasema mama hana ugonjwa. Hana ugonjwa! Nilitaka kumwambia yule muuguzi kwamba ugonjwa wake ndio mimi niliyesimama pale mlangoni nimeshika mwavuli. Kama ningekuwa si pacha wako, kama ningekuwa binti yake wa kawaida tu, angekaa chini na wanawake wenzake akakulilia mpaka akachoka, kisha akainuka. Ninamtazama, Apio, na sina la kufanya. Nikimwambia lia, atadhani nataka kufa. Nikilia mimi, atazimia.

Na bado ananunua viwili viwili. Kandambili jozi mbili, sketi mbili za rangi moja, mayai mawili kwenye sahani. Ukimpa pacha mmoja bila mwenzake umemchokoza, si ndiyo? Basi navaa yangu leo, kesho navaa yako. Mayai nakula yote. Nimenenepa kwa ajili yako, na ungeniona ungenicheka mpaka ukakaa chini.

Ngoja nikupe habari za chuo, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa umbea na najua roho inakuuma.

Kitanda chako walimpa msichana kutoka huko upande wa Kwapa. Mpole, ana adabu, ananiita dada, lakini anakoroma, wee! Siku za kwanza nilimchukia kama mwizi. Siku moja nilimkuta amekuwekea ua la karatasi kwenye kona uliyobandika picha zako, bila kuambiwa na mtu, nikaacha kumchukia. Kukoroma sijamsamehe. Lile jengo la madarasa lililokaa bila paa tangu tulipoingia, hatimaye limepata mabati, na mvua ya kwanza tulikwenda wote kusimama ndani tusikilize. Timu ya mpira imefungwa tena na wale wa uuguzi. Mwalimu wetu wa hesabu za biashara amepata shahada ya udaktari, na sasa ukimwita Mwalimu anageuka kuangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine. Sema Dakta, atakuitikia ukiwa mbali.

Na ule mradi wetu wa uji umeshinda.

Nimekuandikia hivyo kavu kavu kwa sababu sijui nikuandikieje. Ulikuwa wa kwako. Mimi nilikuwa wa kununa na kushika chenji. Unakumbuka tulipokuwa Busia kwenye mafunzo ya kazi, foleni ya malori imefika hadi kule kwenye mzunguko, madereva wamelala chini ya magurudumu kungojea karatasi zao za forodha, na wewe ukasema hawa watu wana njaa na hakuna anayewaona? Kesho yake ukaja na chupa za chai zimejaa uji wa wimbi na karanga. Kila dereva ukamfanya shemeji. "Shemeji, kunywa hii, safari bado ndefu." Mkongo shemeji, Mkenya shemeji, Mnyarwanda shemeji. Yule mzee wa lori la simenti akatuangalia akauliza, "Sasa hapa nani ni nani?" Ukamjibu, "Mimi ndio ule mzuri." Kwa uso huu huu mmoja! Nilikunyamazia mpaka jioni.

Basi nikauandika mradi peke yangu, nikaweka majina yetu yote mawili juu, nikaupeleka kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka. Waamuzi wakaniuliza wazo lilitoka wapi. Nikawasomea bei ya wimbi na karanga. Kuuza ulikuwa unajua wewe, mimi nilijua kujumlisha. Lakini walishaonja uji, na uji ulijitetea wenyewe.

Siku ya kutoa zawadi walikuja wote, Baba, Mama na Nyanya. Mama alivaa gauni lake la sherehe, gomesi ile ya bluu. Hema lilijaa, wazazi wa Bulumbi, wa Nabuyoga, wa mjini, Wasamia, Wateso, sisi, kila mtu na lugha yake. Ndiyo maana Mkuu wa Chuo, na unajua yeye ni mtu wa magharibi mwa nchi, akaacha Kiingereza akasema Kiswahili chake kile cha kutembelea magongo. "Wazazi, hii mwaka chuo yetu imefanya vizuri sana." Akataja paa. Akataja udaktari wa Dakta, Dakta akainuka akainama kila upande. Akataja waliopata kazi benki na waliopata kazi forodhani. Watu wakapiga makofi, Nyanya naye akapiga bila kujua anapigia nini.

Kisha akaniita. Nikapanda. Mgeni wa heshima, mwanamke mkubwa mwenye mkono laini, akanishika mkono tungoje mpiga picha, aliyekuwa anahangaika na kamera. Na Mkuu akaendelea, kwa wema kabisa, Apio, usimlaumu, hakujua. Akasema, "Hii kazi walifanya wawili. Mwenzake ni marehemu Apio. Mungu alimchukua, lakini jina yake tunasoma leo. Marehemu Apio na Adongo."

Marehemu. Mbele ya watu wote, kwa kipaza sauti.

Hakuna aliyekuwa amekuita hivyo. Nyanya aliendelea kutabasamu, neno lilimpita. Baba akaangalia chini. Mama akaelewa. Nilimwona akielewa. Alisimama polepole, mkono mmoja kifuani pale panapobana, na mdomo ukafunguka, na mimi nikajua basi, imefika, inatoka sasa, na Nyanya yupo, na watu wa kwetu wote wapo, watamfukuza nyuma ya hema kama mtu aliyeroga. Nilitaka kushuka. Yule mgeni wa heshima akanikaza mkono, "Tulia kidogo, mwanangu, picha." Nikasimama pale nimetoa meno.

Mama akapiga kigelegele.

Ungedhani umeona furaha. Wanawake wote hemani wakampokea, Wasamia, Wateso, wote, hema likalia. Nyanya akainua mikono akacheza alipokaa, maana kumpigia pacha vigelegele ni halali, ni heshima yake. Wale wanawake wakamaliza, wakakaa. Mama hakukaa. Aliendelea. Anavuta pumzi, anaanza tena, juu zaidi, sauti inakatika katikati na anaiunga. Watu wakaanza kucheka kwa upendo. Mgeni wa heshima akaniinamia sikioni akaniambia, "Huyu mama anakupenda kweli." Uso wa Mama ulilowa wote, mpaka shingo, mpaka kola ya gomesi, na hakuna aliyemfukuza, kwa sababu nani anamfukuza mama mwenye furaha? Mimi peke yangu niliyekuwa juu pale ndiye niliyejua nasikia nini. Nilikuwa nasikia kilio chako, dada yangu. Kile ambacho hukupewa siku ya kuzikwa. Alikulilia mbele ya watu na wakampigia makofi.

Sikuweza kushuka kumshika. Mpiga picha alisema moja zaidi.

Alipomaliza hakuwa na sauti. Akakaa, akaomba maji kwa mkono. Njiani kurudi alilala begani kwangu mdomo wazi, na pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila kugota popote. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani amepona. Asubuhi nikamkuta uani, anakohoakohoa, anasugua sufuria.

Kwa hiyo haikutosha. Siwezi kukurudisha. Siwezi kumwambia Nyanya kwamba mila hii inamuua binti wa watu aliyeolewa hapa. Siwezi hata kuacha kuwa pacha. Nimekaa nikifikiri niwezalo ni lipi, na nimeona moja tu, dogo, la mtu aliyeshindwa.

Pumzika, Apio, na usije kunichukua, maana nina kazi. Nakuahidi nitashinda tena. Nitasoma usiku na mchana, na wewe unajua mimi si mtu wa kusoma. Hesabu, ununuzi, usafi wa bweni, hata mbio za magunia nitakimbia na unene huu wote. Chochote watakachokitolea zawadi nitakishindania, niitwe jina nipande mbele ya watu, ili Mama apate kulia.

Pacha wako aliyebaki,
Adongo