Fatiha Niliyoomba Ngomeni

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikubana kimelegea. Huku Ngomeni mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi, ila moyo umechafuka. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu ungeanza kulia kabla sijamaliza.

Ulipata habari kwamba nilikuwa nikimpigia debe mgombea ubunge. Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti, kumtambulisha na kuyapamba maneno yake. Aliniahidi kazi ya kudumu akishinda, na tena, Mama, sikufichi, nilipenda kusikilizwa. Unajua nilivyo na domo.

Mtu yule hakuwa na neno moja. Kule Tezo, kanisani, aliulaani ulevi wa mnazi mpaka akina mama wakapiga makofi, na jioni ile ile akawaambia wagema kwamba hakuna askari atakayegusa vibuyu vyao. Garini aliweka mashati matatu na kofia moja ya kushonwa kwa mkono. Nilicheka naye. Niliona ni ujanja wa siasa tu, haumdhuru mtu.

Kisha ikaja siku ya Gongoni. Asubuhi, mbele ya vibarua wa kampuni ya chumvi, wengi wao watu wa bara waliokuja kutafuta riziki, aliapa kwamba kampuni itaongezewa ardhi mpaka ufukwe wa Ngomeni, ili kila mtu apate kazi. Walishangilia, na siwalaumu, ukiiona miguu yao ilivyochanika. Alasiri tukawa hapa Ngomeni. Akavaa kofia, akawaambia wavuvi kwamba kampuni haitapewa hata shubiri moja, na njia ya dikoni, pale wanapopandisha mashua zao, ni yao na wajukuu wao.

Wazee walikuwa na shaka. Tangazo la kuongeza ardhi lilikuwa limeshabandikwa kwa chifu, na wenye pingamizi walipewa mwezi mmoja kupeleka barua. Baba mkwe wangu, Mzee Shee, alikuwa ameshaiandika, na watu wametia sahihi. Akamwambia mgombea, "Mwanangu, maneno tumeyasikia. Tupe na karatasi."

Mgombea akaniangalia. Nami nikasema, "Wazee wangu, mgeni yuko mbele yenu, karatasi ya nini? Na isomwe fatiha."

Mikono ikainuliwa, ikasomwa, watu wakapangusa nyuso.

Unajua kwetu, jambo likishasomewa fatiha, kulitilia shaka ni kumvunjia mwenzio heshima. Mzee Shee akaikunja barua akaiweka kabatini. Vijana walipomhimiza aipeleke, alisema hawezi kumfanya mkwewe mwongo. Mwezi ukaisha, mgombea akashinda. Wiki iliyopita matingatinga yaliingia, mikoko ikang'olewa, na njia ya dikoni ikazungushiwa seng'enge. Mashua ya Mzee Shee imebaki upande wa ndani, na hana nyingine. Mheshimiwa hapokei simu zangu.

Mke wangu Mwanaidi ananipikia, ananiwekea sahani, kisha anakwenda kula kwa baba yake.

Nisalimie dada mkubwa na mumewe seremala, na shangazi anayekaa nawe. Mjomba, mwalimu wa madrasa, mwambie aniombee dua, lakini usimwambie sababu.

Nilitaka kukomea hapa, Mama, ila siwezi. Jana baada ya swala ya alasiri Mzee Shee alinishika mkono, tukakaa barazani kwake. Hakunipigia kelele.

"Athman, nakuuliza mara moja tu. Siku ile ulipoomba fatiha, maneno ya Gongoni ulikuwa ushayasikia?"

Nikamtazama usoni, nikamjibu, "La, baba. Gongoni sikuwapo."

Akashusha pumzi. Akasema, "Alhamdulillahi. Nilijua watu wanakusingizia." Machozi yalimtoka, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina.

Ijumaa hii, wakimaliza kuswali, atasimama msikitini mbele ya wavuvi wote kuniapia kwamba sikuwapo. Na Gongoni nzima iliniona nimeshika kipaza sauti.

Mimi mwanao, nisiyestahili radhi yako lakini naiomba,

Athman