Mizizi Niliyoikata Uani kwa Teresia

Jumatano. Mvua imeshika tangu alfajiri, njia ni tope tupu, nami nimerudi kutoka sokoni mikono mitupu na moyo mchungu.

Bwana Maua ameondoka leo. Ndivyo tulivyomwita yule Mzungu aliyekuja kupanga maua ya bonde letu, lipi ni la aina gani na lipi ndugu yake. Hakutazama sura tu. Alikuwa anaponda ncha ya mzizi juu ya kioo, anaitia rangi, anachungulia kwa darubini, kisha anahesabu vijiti vidogo mno anavyoviita kromosomu. Maua yakifanana lakini vijiti vikatofautiana idadi, anayatenga. Mimi nilichungulia mara moja tu, nikahesabu haraka kumshinda. Darasa langu la nne si mchezo.

Aliniahidi: nikimletea lile ua jeupe la milimani, na vijiti vyake vikawa tofauti na vya lile la zambarau la huku bondeni, basi ni aina mpya, na ataliita kwa jina langu. Jina langu vitabuni! Nikatangaza Ifakara nzima.

Nikapanda milima ya juu ya Mkula peke yangu. Watu niliwaambia nilipigana na chui. Wewe daftari nakwambia kweli: alikuwa nyani, na aliyekimbia ni mimi.

Lakini ua nililipata.

Kosa ni hili. Niliagizwa nikate ncha za mizizi hukohuko mlimani, nizitie kwenye chupa ya dawa ya kuzihifadhi zikiwa mbichi. Nikaona, nani ataniamini nikishuka na chupa? Nikaling'oa zima, nikaketi Mkula kwenye kibanda cha chai, nikamwonyesha kila mpita njia mpaka saa nane mchana. Kuja kutazama, mizizi imekauka kama uzi, haifai tena kuhesabiwa.

Nilipofika Ifakara nikapita uani kwa shemeji yangu Teresia, muuza samaki. Kando ya choo chake limeota lile la zambarau. Nikakata ncha zake mbichi, nikazitia chupani, nikampelekea Bwana Maua pamoja na lile ua jeupe. Si ndugu hao?

Jana Bwana Maua akanipa majibu. "Pole, mzee. Vijiti ni vilevile. Ni ua la bondeni tu, limebadilishwa rangi na baridi ya mlima."

Nikamshukuru, nikatoka.

Leo Teresia kanipigia kelele sokoni: "Shemeji! Ua lako limeshabatizwa, au padre kakosa maji?"

"Yule Mzungu hajui kuhesabu," nikamjibu.

"Eti hajui! Na yule chui wako, alimhesabu?"

Soko zima likacheka.

Huko juu ya Mkula ua jeupe linachanua bila jina. Anayejua kwamba halijahesabiwa ni mimi peke yangu, na mimi nani ataniamini? Anwani ya Bwana Maua ninayo hapa, kwenye kipande cha gazeti. Niandike barua nikiri, au niendelee na chui wangu?